Namna ya Kupima Matumizi ya Dawa za Kulevya Mjini kwa Kuchunguza Maji Taka: Mwongozo kwa Mazingira ya Uganda

Mtu anayevuta, kumeza au kujidunga dawa ya kulevya huitoa mwilini kwa njia ya mkojo, ama ikiwa vilevile ilivyoingia, ama ikiwa imekwisha kuvunjwa na ini na kugeuka kemikali nyingine. Kwa kuwa mikojo ya watu wote waliounganishwa na mtandao mmoja wa mabomba hukutana mwisho wa mtandao huo, sampuli ya maji taka iliyokusanywa kwa saa 24 inaweza kueleza ni miligramu ngapi za dawa fulani zilizopita katika miili yao siku hiyo, bila kumhoji hata mmoja wao. Christian Daughton wa Marekani alipendekeza wazo hilo mwaka 2001, na mwaka 2005 Ettore Zuccato na wenzake wa Taasisi ya Mario Negri mjini Milan walichapisha vipimo vya mabaki ya kokeini katika maji ya mto Po, nchini Italia. Tangu 2011 miji kadhaa ya Ulaya hupima maji yake kila mwaka, wiki ileile, kwa utaratibu mmoja, na Australia ina mpango wa kitaifa wa aina hiyo tangu 2016.

Uganda nayo si mgeni wa kuuliza maswali ya afya kwenye maji taka. Sampuli zilizochotwa tarehe 1 na 2 Juni 2021 katika mitambo ya kusafisha maji taka ya Bugolobi na Lubigi jijini Kampala ndizo zilizofichua kuwa virusi vya polio vitokanavyo na chanjo vilikuwa vikizunguka miongoni mwa watu. Hata hivyo, atakayedhani kuwa kazi ya dawa za kulevya ni ileile atapotea. Swali la polio ni kama kirusi kipo au hakipo, ilhali swali la dawa za kulevya ni kiasi gani na kwa watu wangapi, na sehemu ya pili ya swali hilo ndiyo ngumu kuliko zote katika miji yetu. Mashine hukodishwa, wakemia wapo. Kujua maji uliyochota ni ya nani ndiko kunakotaka kazi, na ndiyo maana mwongozo huu unakaa zaidi hapo.

Ramani kabla ya chupa

Hatua ya kwanza ni kuliomba Shirika la Taifa la Maji na Maji Taka (NWSC) ramani ya mtandao wa mabomba unaoishia kwenye mtambo unaokusudia kuuchunguza, pamoja na idadi ya wateja waliounganishwa na aina zao, yaani nyumba za kuishi, hoteli, hospitali, shule, viwanda na maofisi. Wakazi wengi wa Kampala hawamo katika ramani hiyo. Wao hutumia vyoo vya shimo na matangi ya chini ya ardhi, na bomba la maji taka limejikita katikati ya jiji, kwenye taasisi kubwa na katika baadhi ya mitaa iliyopangwa zamani. Kwa hiyo maji ya Bugolobi hayasemi habari za Kampala nzima, na taarifa yoyote itakayoandikwa “matumizi ya kokeini Kampala” kutokana na mtambo huo itakuwa imekosea tangu kichwa chake. Iandikwe “katika eneo linalohudumiwa na mtandao wa Bugolobi”, hata kama maneno hayo hayavutii magazeti.

Ukiwa na ramani mkononi, tembea. Fuata mabomba makuu kwa mguu pamoja na fundi wa mtandao, uone vituo vya pampu, kwa mfano kile cha Kinawataka kinachosukuma maji kuelekea mtambo wa Bugolobi, na uulize pampu husimama mara ngapi na maji huenda wapi zinaposimama. Uliza pia bomba lipi limepasuka, na wapi maji ya mvua huingia. Mambo hayo mara nyingi hayamo katika karatasi, lakini fundi aliyefanya kazi pale miaka mingi huyajua kwa moyo.

Kuna vishawishi viwili vya kuepukwa. Cha kwanza ni mfereji wa Nakivubo, ambao huonekana kuwa mahali rahisi pa kuchota kwa sababu uko wazi na hauhitaji ruhusa ya mtambo. Mfereji huo hubeba kwa pamoja maji ya mvua, maji ya kufulia, uchafu wa masoko, vinyesi kutoka vyoo vinavyofurika na maji yaliyokwisha kusafishwa, na hakuna awezaye kusema ni watu wangapi walio nyuma ya lita moja ya maji yake. Unaweza kuutumia kuonyesha kuwa dawa fulani ipo. Kukokotoa kiasi kwa kila mtu haiwezekani.

Cha pili ni magari ya kunyonya vyoo. Mtambo wa Lubigi, kwa mfano, hupokea maji ya bomba na pia tope la vyoo linaloletwa kwa magari. Gari moja hubeba mkojo na kinyesi cha miezi au hata miaka, na humwaga vyote kwa dakika chache, kiasi kwamba sampuli ya siku nzima huharibika kwa mzigo mmoja. Chota upande maji ya bomba yanakotoka, kabla hayajafika mahali magari yanapomwagia na kuchanganyika, na ikiwa mpangilio wa mtambo hauruhusu, patana na msimamizi magari yapelekwe kwingine katika siku za kuchota. Katika miji yenye mabwawa ya kutibu maji taka, sampuli ichotwe kwenye mlango wa kuingilia, kamwe si kwenye bwawa lenyewe, kwa kuwa maji hukaa humo siku nyingi na jua na bakteria huzila kemikali unazozitafuta.

Baada ya hapo hesabu watu. Sensa ya mwaka 2024 iliyofanywa na Shirika la Takwimu la Uganda (UBOS) huhesabu watu mahali walipolala, nalo bomba hupokea mkojo mahali watu walipo. Katikati ya Kampala ni mahali pa kushinda, si pa kulala: asubuhi teksi na boda boda huleta watu kutoka Wakiso na Mukono, nao jioni huondoka. Ukigawanya dawa iliyopimwa kwa idadi ya waliolala, utapata kiwango cha kutisha ambacho hakipo. Njia ya kujirekebisha ni kupima naitrojeni ya amonia katika sampuli ileile, kwa kuwa hutokana kwa kiasi kikubwa na mkojo, na kuilinganisha na makadirio ya sensa na ya idadi ya wateja. Usichague makadirio yanayokupendeza. Toa yote matatu na uonyeshe jibu linavyobadilika kwa kila moja.

Kuchagua kitu cha kutafuta

Si kila dawa huacha alama inayoaminika. Kiashirio kizuri ni kemikali inayotoka mwilini kwa wingi, isiyovunjika upesi ndani ya bomba, na isiyo na chanzo kingine. Kokeini ina bahati hiyo, kwa sababu ini huigeuza kuwa benzoilekgonini, ambayo hudumu katika maji taka. Methamfetamini hutoka kwa kiasi kikubwa ikiwa yenyewe. Bangi ni ngumu: kiashirio chake, THC-COOH, yaani kemikali ambayo mwili huitengeneza kutokana na kilevi cha bangi, hutoka katika mkojo kwa asilimia ndogo sana, tena hupenda kunata kwenye taka ngumu na kwenye kuta za chupa, hivyo namba zake zina shaka kubwa kuliko za nyingine hata katika nchi zilizopima kwa miaka mingi.

Heroini inahitaji uangalifu wa pekee hapa Uganda. Heroini huishia kuwa mofini mwilini, na mtafiti mvivu hupima mofini na kuiita heroini. Lakini Uganda ni nchi inayojulikana duniani kwa kuwapa wagonjwa wa saratani mofini ya maji ya kunywa, kazi iliyoasisiwa na Hospice Africa Uganda tangu 1993, na tangu 2004 wauguzi waliopata mafunzo maalumu wanaruhusiwa kuiandika. Mofini katika bomba la Kampala inaweza kuwa ya mgonjwa aliyetulizwa maumivu, au ya mtu aliyekunywa kodeini, dawa ya maumivu na kikohozi ambayo nayo hugeuka mofini mwilini. Tafuta 6-monoasetilimofini, ambayo hutokana na heroini peke yake, ingawa ni kidogo na huvunjika upesi. Na ukipima mofini, pata kwanza takwimu za mofini iliyotolewa na hospitali zilizo ndani ya eneo lako. Ketamini nayo hutumika sana katika vyumba vya upasuaji, na kwa hiyo isomwe kwa tahadhari ileile.

Mairungi, yaani miraa, inastahili kuwamo katika orodha, kwani ndiyo iliyo karibu zaidi na maisha ya watu wetu kuliko kokeini. Kathinoni iliyomo katika majani mabichi hugeuka mwilini kuwa norefedrini na kathini, nazo ndizo zinazopatikana katika mkojo. Tatizo ni kwamba baadhi ya dawa za mafua huacha kemikali hizohizo. Pima efedrini na pseudoefedrini pamoja nazo, ili uone kama dawa za mafua zinatosha kueleza ulichokipata.

Pombe pia hupimika, kwa kutumia ethili salfeti, ambayo hutengenezwa mwilini tu, kwa hiyo waragi iliyomwagwa kwenye sinki haihesabiwi. Kwangu mimi hiki ndicho kipimo chenye faida ya haraka zaidi kwa wilaya zetu, maana waragi ya kienyeji haipiti katika vitabu vya kodi. Kwa upande mwingine, mafuta ya ndege na gundi wanavyonusa watoto wa mitaani jijini Kampala havipimiki kwa njia hii, na wengi wa watoto hao hawatumii choo chenye bomba. Hilo liandikwe wazi katika taarifa, msomaji asije akadhani kuwa kisichopimwa hakipo.

Ruhusa

Utafiti hupitia kamati ya maadili, kisha Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia (UNCST). NWSC hutoa ruhusa ya kuingia mtamboni. Viwango rejea vya maabara, yaani kemikali safi za kulinganishia vipimo, ni dawa za kulevya zenyewe kwa kiasi kidogo, kwa hiyo anza mapema kuomba kibali cha kuviingiza kutoka Mamlaka ya Taifa ya Dawa (NDA). Ikiwa sampuli zitasafirishwa nje ya nchi, andaa makubaliano ya kuzihamisha kabla hujachota hata tone.

Siku ya kuchota

Chota siku saba mfululizo ili uone tofauti ya siku za kazi na mwisho wa wiki. Epuka wiki ya tarehe 3 Juni, mahujaji wa Namugongo wanapojaa jijini, na epuka Krismasi na Idi, isipokuwa sikukuu ndiyo unayoichunguza. Epuka pia miezi ya mvua nyingi, Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba, kwa kuwa maji ya mvua yanayopenya mabombani huzimua sampuli na kuvuruga kipimo cha mtiririko.

Sampuli ya kuchota mara moja haina maana. Asubuhi bomba hubeba mkojo mzito wa usiku, na mchana maji ya jikoni. Zaidi ya hayo, dawa haimo katika maji kwa usawa. Huja kwa mafungu, kila fungu likiwa ni choo kimoja kilichovutwa maji. Bangi inayotumiwa na watu wengi huleta mafungu mengi, hivyo ukichota kila saa utayakuta. Kokeini inayotumiwa na wachache huleta mafungu machache ambayo yanaweza kupita yote katika dakika ambazo hukuchota. Chota kila baada ya dakika 10 au chini ya hapo.

Kiasi cha kila mchoto kilingane na mtiririko. Tuseme umeamua kuchota mililita 2 kwa kila mita 10 za ujazo zinazopita. Mtiririko ukiwa mita 600 za ujazo kwa saa, katika dakika 10 zimepita mita 100, nawe utachota mililita 20. Usiku mtiririko ukishuka hadi mita 120 kwa saa, utachota mililita 4 tu. Mtambo unaopokea mita 10,000 za ujazo kwa siku utakupa lita 2 kwa saa 24, zinazotosha. Kifaa cha kujiendesha chenye pampu na friji ndani yake hufanya hivyo chenyewe, lakini kiwe na betri, kwani umeme ukikatika usiku wa manane sampuli ya siku nzima hupotea. Pasipo kifaa, watu wa zamu wanaweza kuchota kwa mkono, mmoja akisoma kina cha maji kabla kidogo ya koo jembamba la mfereji wa kupimia na mwingine akimimina. Usiamini mita ya mtiririko kabla hujailinganisha na kina ulichokipima kwa rula, kwa kuwa kosa la asilimia 20 katika mtiririko ni kosa la asilimia 20 katika kila jibu utakalotoa.

Mahali pazuri pa kuweka mpira wa kuvutia maji ni mara tu baada ya wavu wa kuzuia taka. Kabla ya wavu huo utakutana na kaveera (mifuko ya plastiki), vitambaa, mawigi na maganda ya ndizi, na mpira utaziba kabla ya saa moja kupita. Mbali zaidi ya hapo, mchanga huanza kutulia na maji ya mtambo yanayorudishwa huanza kuchanganyika. Funga kizito kwenye ncha ya mpira ili ubaki katikati ya kina, usielee juu kwenye povu wala kulala chini kwenye matope. Kila zamu ikague ncha hiyo, iondoe nywele zilizojizungusha, na iandike saa na dakika ya kufanya hivyo.

Wachotaji wavae glavu, miwani na buti, na wawe wamechanjwa homa ya matumbo na homa ya ini. Mtu asishuke ndani ya shimo la bomba kwa sababu yoyote ile, hata kama ameangusha simu, kwa kuwa gesi ya haidrojeni salfaidi huua kabla mtu hajapata nafasi ya kuita.

Sampuli ikae kwenye nyuzi 4 muda wote wa kukusanywa. Ikikamilika, itikiswe na kugawanywa katika chupa nne za nusu lita. Mbili zitiwe asidi ya haidrokloriki hadi pH 2, ili bakteria wasiendelee kuigeuza kokeini na 6-monoasetilimofini. Mbili zisitiwe asidi, kwa sababu asidi huifanya THC-COOH inate kwenye chupa na kwenye kichujio. Kila siku beba pia chupa ya maji yaliyotakaswa, ifunguliwe na kufungwa palepale mtamboni, ili ijulikane kama uchafu uliingia kutoka mikononi au kwenye vifaa. Zisizopelekwa maabara siku hiyohiyo zigandishwe kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri.

Maabarani

Kinachohitajika ni kromatografia ya kimiminika iliyounganishwa na spektromita ya masi ya hatua mbili, yaani mashine inayotenganisha kemikali na kuzitambua kwa uzito wa molekuli zake, na mkemia anayeizoea. Maabara ya Serikali ya Uchambuzi iliyoko Wandegeya na vyuo vikuu ni mahali pa kuanzia kuuliza. Kabla ya jambo lolote, kila sampuli itiwe kiasi kinachojulikana cha kemikali zilezile zinazotafutwa, zikiwa zimetengenezwa kwa deuteriamu, yaani haidrojeni nzito, ili mashine izitofautishe na zile za kwenye maji; chochote kitakachopotea njiani kitapotea kwa kadiri ileile katika zote mbili, na hesabu itajirekebisha. Kisha maji hupitishwa kwenye kichujio cha nyuzi za kioo, kazi ya taratibu ambayo huchosha, kwani maji taka yetu ni mazito na kichujio huziba. Badilisha kichujio badala ya kuongeza nguvu ya pampu ya kufyonza. Baadaye hupitishwa kwenye katriji inayonasa dawa, huoshwa, na dawa hutolewa kwa methanoli na kupunguzwa hadi tone dogo la kuingiza mashinani.

Hesabu

Mfano huu ni wa kufundishia, namba zake si za mtambo wowote. Benzoilekgonini imepatikana kwa nanogramu 200 kwa lita, na mtiririko wa siku ni mita 10,000 za ujazo, sawa na lita milioni 10. Zidisha: ni nanogramu bilioni 2, yaani gramu 2. Kwa kuwa takriban asilimia 29 tu ya kokeini hutoka ikiwa benzoilekgonini, na molekuli yake ni nyepesi kidogo kuliko ya kokeini, gramu hizo huzidishwa kwa 3.59, kizidishio kinachotumiwa sana, ukapata gramu 7.18 za kokeini halisi. Eneo likiwa na watu 80,000, hiyo ni karibu miligramu 90 kwa siku kwa kila watu 1,000. Sasa badilisha watu wawe 160,000, yaani uwahesabu wanaoshinda mjini, na jibu linakuwa 45. Hakuna mashine itakayokuambia ni lipi kati ya hayo mawili lililo sahihi.

Kagua pia uwiano wa kokeini yenyewe na benzoilekgonini. Katika mkojo benzoilekgonini ndiyo huzidi. Ukikuta siku moja kokeini imezidi kwa mbali, yamkini mtu ameitupa chooni bila kuitumia, na siku hiyo iondolewe katika wastani huku ikitajwa.

Kutoa matokeo

Miligramu si watumiaji. Miligramu 90 zinaweza kuwa za mtu mmoja anayetumia kwa wingi au za wachache waliojaribu, na unga wa wiki hii unaweza kuwa safi kuliko wa wiki iliyopita. Kinachoaminika zaidi ni mwelekeo: mtambo uleule, wiki ileile ya mwaka, njia ileile, mwaka hadi mwaka. Kulinganisha Lubigi na Jinja kwa namba moja moja kutaleta ugomvi bila faida, kwa kuwa mitandao yao haifanani.

Usipime bomba la shule moja, gereza moja au mtaa mmoja mdogo. Kinga ya njia hii ni kwamba mtu hajulikani, na kinga hiyo hupungua kadiri bomba linavyokuwa dogo. Mtaa ukishatajwa kuwa wa heroini, wapangaji wake watanyimwa kazi na polisi watafanya msako, hata kama namba ilitokana na watu watatu. Amua pamoja na kamati ya maadili, kabla ya kuchota, ni ukubwa gani wa eneo utakaotangazwa na nani atakayeyaona matokeo kwanza. Watu wanaofaa kuyaona mapema ni wanaotoa tiba, kama wale wa kitengo cha ulevi na dawa za kulevya katika hospitali ya Butabika, kwa sababu wao wanaweza kusema kama ongezeko la kwenye maji linafanana na wagonjwa wanaopokewa. Makubaliano hayo yaandikwe na kutiwa saini na msimamizi wa mtambo pia, ili atakapopigiwa simu na mtu anayetaka kujua dawa zinatoka kwenye bomba la barabara ipi, awe na karatasi ya kumsomea.